Programu ni ya Nani, na Ikiua Alaumiwe Nani?

Sisi tunaoandika hadithi tunapenda kusema kwamba kazi ni ya aliyeitunga. Mtu akiichukua riwaya yako, akaipiga fotokopi na kuiuza pale stendi, amekuibia. Hapo hatuna mjadala. Lakini je, ndugu msomaji, unajua kwamba sheria imetuweka chumba kimoja na watu ambao pengine maishani mwao hawajatunga hata ubeti mmoja? Watu hao ni watunga programu za kompyuta.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inaitaja programu ya kompyuta katika kundi moja na vitabu na maandishi mengine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo ni hivyo hivyo. Juu ya zote uko mkataba wa TRIPS, uliotiwa saini Marrakesh, Moroko, mwaka 1994, ambao unazitaka nchi za Shirika la Biashara Duniani ziilinde programu kama zinavyozilinda kazi za fasihi. Kwa hiyo, mbele ya sheria, ile programu inayohesabu pesa zako benki ni ndugu wa riwaya. Baba mmoja, mama mmoja.

Sasa tuseme ukweli. Riwaya mbovu haiui mtu. Utaisoma kurasa kumi, utapiga miayo, utaitupa uvunguni, na mwandishi utamsengenya mbele ya washikaji. Yamekwisha. Programu mbovu imewahi kuwachoma watu hospitalini mpaka wakafa. Imewahi pia kuwapeleka jela watu ambao hawakuiba hata senti. Hapo ndipo swali langu linapoanzia: huyu ndugu yetu aliyepewa haki zote za mwandishi, amepewa na wajibu gani?

Historia yenyewe si ndefu. Hebu tuifuate.

Jina la kuazima

Miaka ya 1950 na 1960 programu haikuwa bidhaa ya peke yake. Ulikuwa ukinunua au kukodi kompyuta, dude kubwa la kujaza chumba, na programu zinakuja nayo kama gari linavyokuja na spana na jeki. Wenye mashine walipeana programu na kusahihishana. Mwezi Juni 1969 kampuni ya IBM ya Marekani, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikatangaza kwamba baadhi ya programu na huduma zake zitauzwa mbali na mashine. Ndipo programu ikaanza kuwa na bei yake yenyewe.

Miezi minane kabla ya hapo, Oktoba 1968, wataalamu walikutana Garmisch, mji wa milimani kusini mwa Ujerumani, kwa udhamini wa Kamati ya Sayansi ya NATO. Kilichowakutanisha kilikuwa karibu na aibu. Programu kubwa zilikuwa zikichelewa, zikila fedha kupita makisio, na zikikabidhiwa zimejaa makosa. Mkutano wao waliuita mkutano wa "uhandisi wa programu", na jina hilo walilichagua makusudi ili liwe la uchokozi. Kama vile kusema: wajenzi wa madaraja wana misingi na taratibu zao, je, sisi tuna nini?

Ona basi mambo mawili yalivyofuatana. Mwaka mmoja fani inaazima jina la mhandisi, mwaka unaofuata inapata bei. Ila mhandisi wa daraja ana kitu kingine zaidi ya jina. Daraja likianguka, anatafutwa. Hicho hakikuazimwa.

Barua ya kijana wa miaka 20

Januari 1975 jarida la Popular Electronics la Marekani liliweka jaladani picha ya Altair 8800, kompyuta ndogo ya kampuni ya MITS ya Albuquerque. Mtu wa kawaida aliweza kuinunua vipande vipande na kuiunganisha mwenyewe nyumbani. Vijana watatu, Bill Gates, Paul Allen na Monte Davidoff, wakaitungia programu ya lugha ya BASIC, ili mwenye Altair aweze kuipa maagizo bila kuhangaika na tarakimu tupu za mashine. Programu hiyo ilikaa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu.

Mwaka huohuo, kwenye maonyesho huko Palo Alto, California, utepe mmoja ukayeyuka. Muda si muda nakala zikawa zinagawanywa kwa wanachama wa Homebrew, klabu ya wapenzi wa kompyuta. Bure kabisa. Gates aliposikia, alichemka. Tarehe 3 Februari 1976 akaandika barua ya wazi kwa wapenzi wote wa kompyuta. Alikuwa na miaka 20. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tuna umri huo, wengine tumeupita kidogo, na barua ile inatugusa kwa sababu malalamiko yake tunayajua.

Alisema hivi, kwa maneno yangu mimi: watu wengi wanaitumia programu yetu, lakini katika wenye Altair hawafiki hata mmoja kwa kumi walioinunua. Muda wa kompyuta tuliotumia kuitunga una thamani ya zaidi ya dola 40,000. Ukigawa tulichopata kwa saa tulizofanya kazi, haifiki dola 2 kwa saa. Kisha akaja na hoja ambayo ndiyo kiini cha mambo yote. Nani, aliuliza, ataweza kufanya kazi ya kitaalamu bila malipo? Nani atatoa miaka ya kazi kutunga, kutafuta makosa yote na kuandika maelezo ya matumizi, kisha agawe bure?

Hapo nakuomba uisome hoja hiyo mara mbili. Gates hakusema tu "mmeniibia". Alisema mkiiba, hamtapata programu nzuri. Yaani aliifunga milki na ubora kwa kamba moja: nipeni haki yangu, nami nitawapa kazi safi. Ilikuwa ahadi.

Wapo waliomjibu kwa vitendo. Ilikwishaanza kuenea BASIC nyingine ndogo, iliyobuniwa na Dennis Allison, na watu wakaitunga kwa namna zao na kuchapisha maandishi yake yote kwenye majarida, kila mtu ayaone. Tom Pittman aliiuza ya kwake dola 5 tu, ili ionekane kama bei ikiwa ya haki watu watalipa. Naye Li-Chen Wang, mwaka huohuo wa 1976, aliweka mzaha juu ya programu yake. Kwa Kiingereza neno moja hutaja haki na pia upande wa kulia. Yeye akaligeuza neno la hakimiliki likawa la upande wa kushoto, na pale ambapo wenzake huandika kwamba haki zote zimehifadhiwa, akaandika kwamba makosa yote yamehifadhiwa. Mzaha, lakini una sumu.

Wengine walikumbusha pia jambo ambalo si dogo: kompyuta waliyoitumia akina Gates kutungia programu yao ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Harvard, na iligharimiwa na fedha za umma kupitia Wizara ya Ulinzi ya Marekani.

Mimi nadhani pande zote mbili zilikuwa na lao. Anayetunga lazima ale. Kijana anayeandika usiku kucha halafu akaambiwa "asante, kazi nzuri" na watu ambao hawakulipa hata shilingi, ana haki ya kukasirika. Lakini kuna swali ambalo halikukaa katikati ya ugomvi ule. Je, tukilipa, na programu ikawa mbovu bado, itakuwaje?

Kitabu kisichosomeka

Sheria ikafuata fedha. Mwaka 1980 Bunge la Marekani liliirekebisha sheria ya hakimiliki ili programu itajwe waziwazi. Mwaka 1983, katika kesi ya kampuni ya Apple dhidi ya kampuni ya Franklin, mahakama ya rufani ikaamua kwamba hata programu iliyo katika umbo la mashine, ile ya sifuri na moja ambazo binadamu hawezi kuzisoma na kuzielewa, inalindwa kama maandishi.

Tusimame hapa kidogo maana ndipo penye utamu. Hakimiliki yetu sisi waandishi ni ya kitu kilicho wazi. Ukinunua riwaya yangu, unaisoma. Ukiona nimeandika upuuzi ukurasa wa 40, unaunyooshea kidole, na mhakiki ananikalia kooni gazetini. Naimiliki kazi yangu, lakini siwezi kuificha wakati huohuo ninapoiuza. Mtunga programu yeye anaandika maneno na alama ambazo mtaalamu mwenzake anaweza kuzisoma. Kisha maandishi hayo hugeuzwa kuwa lugha ya mashine, na mnunuzi anapewa hicho kilichogeuzwa tu. Maandishi ya asili yanabaki kabatini kwa kampuni. Ni kama nikuuzie riwaya iliyoshonwa kurasa zote, nikuambie uishike tu mkononi, hadithi itakufikia yenyewe.

Basi wenzetu wamepata hakimiliki ya mwandishi, na juu yake siri ya mganga. Vyote viwili kwa mpigo! Ukiongeza leseni inayokuja na programu, ile ndefu ambayo kila mtu anaikubali bila kuisoma, utakuta humo imeandikwa kwamba programu inatolewa kama ilivyo, na mtengenezaji hawajibiki kwa hasara. Mali yangu, siri yangu, hasara yako.

Mmoja wa waliolisikia hilo mapema alikuwa Richard Stallman, wa maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT. Kisa chake kinaonekana cha kitoto. Mnamo mwaka 1980 hivi maabara yao ilipewa mashine ya kuchapa ya kampuni ya Xerox, na karatasi zilikuwa zikikwama. Mashine yao ya zamani Stallman alikuwa ameirekebishia programu ili ikikwama iwajulishe wanaosubiri. Hii mpya alishindwa, maana maandishi ya programu yake hayakutolewa. Akamwendea mtaalamu mmoja wa chuo cha Carnegie Mellon aliyekuwa nayo. Jamaa akakataa, kwa kuwa aliahidi kampuni kwamba hatampa mtu. Karatasi tu zilizokwama. Lakini Stallman akaona picha nzima: ameliona tatizo, ana ufundi wa kulitatua, na amekatazwa. Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kutunga programu ambazo kila mtu ataruhusiwa kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa.

Mashine ya kuchapa ikikwama, unapoteza muda. Sasa tuone mashine ya aina nyingine.

Hitilafu namba 54

Therac-25 ilikuwa mashine ya kutibu kansa kwa mionzi, iliyotengenezwa na shirika la AECL la Kanada. Zilifungwa 11 tu, sita Kanada na tano Marekani. Zilizoitangulia, Therac-6 na Therac-20, zilikuwa na vizuizi vya chuma na nyaya: programu ikikosea, kizuizi kinakata. Kwenye Therac-25 watengenezaji waliona kompyuta imetosha, wakaondoa vizuizi vingi na kuiachia programu ilinde uhai wa mgonjwa. Sehemu za programu zilitoka kwenye mashine za zamani, na mtunzi wake alikuwa mtu mmoja. Walipofanya uchunguzi wa usalama mwaka 1983, makosa ya programu hawakuyahesabu kama jambo linaloweza kutokea.

Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 watu sita walipigwa mionzi kupita kiasi, huko Georgia, Ontario, Texas na jimbo la Washington. Angalau watatu walikufa kwa sababu hiyo.

Kisa cha Tyler, Texas, Machi 1986, ndicho kinachoeleza mambo. Mwendeshaji alikuwa mzoefu, mwepesi wa kuchapa. Akaandika herufi ya aina moja ya mionzi badala ya nyingine, akaliona kosa, akarudi juu haraka akalisahihisha. Jambo ambalo mimi na wewe tunalifanya mara mia kwa siku. Lakini mashine ilichukua kama sekunde 8 kupanga sumaku zake, na mtu akisahihisha ndani ya sekunde hizo, sehemu moja ya programu ilipata habari na nyingine haikupata. Mionzi mikali ikatoka bila kinga yake. Kwenye kioo pakaandikwa "Hitilafu 54". Kitabu cha maelezo hakikusema hitilafu hiyo ni ya hatari. Mwendeshaji, aliyezoea mashine kusimama simama kwa visa vidogo, akabonyeza kitufe cha kuendelea. Siku hiyo televisheni ya kumwonyesha mgonjwa haikuwa imeunganishwa, na kipaza sauti cha chumbani kilikuwa kibovu. Mgonjwa alikuwa anaungua mle ndani, hakuna wa kumsikia. Badala ya kipimo cha radi 180 inakadiriwa alipata kati ya 16,500 na 25,000. Alikufa miezi mitano baadaye.

Watu wa kampuni walikuja, wakasema mashine haiwezi kumzidishia mtu mionzi. Waliwaambia pia hospitali kwamba hawajui ajali nyingine, ilhali kwingine malalamiko yalikwishatolewa. Mashine ikarudishwa kazini. Aprili akaungua wa pili, hapohapo Tyler, na akafa baada ya wiki tatu.

Aliyeipata siri hakuwa kampuni. Alikuwa mtaalamu wa fizikia wa hospitali ile, Fritz Hager, pamoja na yule mwendeshaji. Hawakuwa na maandishi ya programu mbele yao. Walikaa kwenye mashine wakachapa na kuchapa tena, kwa kasi mbalimbali, mpaka Hitilafu 54 ikajitokeza kwa kupenda kwao. Kama fundi wa redio anayegonga boksi kulisikiliza, kwa sababu haruhusiwi kulifungua.

Na hili ndilo linalouma zaidi. Baadaye iligundulika kwamba kosa lilelile lilikuwamo hata kwenye Therac-20. Kule vilivyookoa watu ni vile vizuizi vya chuma. Programu ilisifiwa kwa miaka kuwa imetumika bila shida, kumbe sifa zilikuwa za mlinzi aliyesimama nyuma yake.

Posta ya Waingereza

Labda utasema hayo ni ya kale, watu walikuwa wanajifunza. Haya, twende karibu zaidi.

Kuanzia mwaka 1999 Posta ya Uingereza ilifunga katika matawi yake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL, iliyokuwa mali ya Fujitsu ya Japani. Matawi mengi ya Posta kule huendeshwa na watu binafsi, mara nyingi mtu na mkewe ndani ya duka lao dogo la mtaani. Mkataba uliwabana: hesabu ikipungua, wao wafidie.

Hesabu zikaanza kupungua. Tawi moja pauni elfu kadhaa, jingine makumi ya maelfu. Kwenye tawi la Dalmellington, Scotland, mwaka 2015, kioo kiliganda, mhudumu akabonyeza kitufe tena na tena, na pauni 8,000 zikaandikwa mara nne. Pauni 24,000 za hewa! Kwenye tawi la Callendar Square, Falkirk, kulikuwa na kosa jingine lililojulikana tangu mwaka 2000 na likadumu mpaka 2006. Lakini mwenye tawi alipopiga simu kulalamika, Posta ikadai alipe. Wengine waliuza nyumba. Wengine walishtakiwa na Posta yenyewe, maana kule ina uwezo wa kufungua mashtaka. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo. Mama mmoja wa West Byfleet alifungwa mwaka 2010 akiwa mjamzito.

Wafikirie hao watu wanapanda kizimbani. Wanasema, "Mimi sijaiba, ni kompyuta." Nani angewaamini? Wakiomba kumbukumbu za ndani za mfumo ili wajitetee, hawapewi walichohitaji. Na sheria nayo ilikuwa imewageuka. Zamani katika Uingereza na Wales aliyeleta ushahidi wa kompyuta alitakiwa aonyeshe kwanza kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Bunge liliufuta ulazima huo kwa sheria ya 1999. Baada ya hapo mahakama zikaichukulia kompyuta kuwa nzima mpaka mtu athibitishe kuwa ni mbovu. Sasa utathibitishaje ubovu wa kitu usichoruhusiwa kukitazama?

Kitabu chetu kikitoka na makosa ya chapa, mchapishaji mwenye adabu hubandika ndani karatasi ya masahihisho. Kumbe Fujitsu nao walikuwa nayo ya kwao: kumbukumbu ya makosa yanayojulikana, iliyoandikwa na mafundi wao wenyewe. Ilikaa kabatini. Posta kwanza ilitia shaka kama kumbukumbu hiyo ipo kweli, halafu ikaipuuza. Ilidai vilevile kwamba hakuna mtu awezaye kuingia kwenye hesabu za tawi kutoka mbali. Mwaka 2015 Richard Roll, aliyewahi kuwa fundi wa Fujitsu, alijitokeza kusema kwamba waliingia, na yeye alikuwamo.

Alan Bates, aliyenyang'anywa tawi lake Wales mwaka 2003, ndiye aliyewakusanya wenzake mpaka 555 wakaishtaki Posta. Desemba 2019 Jaji Peter Fraser aliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zinazoweza kuharibu hesabu, na msimamo wa Posta akaufananisha na wa mtu anayeshikilia kwamba dunia ni bapa. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta mamia zilizobaki. Kwa wengine ilikuwa kuchelewa. Ripoti ya uchunguzi wa umma ya Julai 2025 ilisema huenda watu 13 walijiua kwa sababu ya kadhia hiyo.

Hapa hakuna aliyeiba utepe, ndugu yangu. Hakuna fotokopi. Fujitsu ililipwa vizuri, mali yake iliheshimiwa, siri yake ililindwa. Yote aliyoyataka yule kijana wa 1976 yalikuwapo. Ahadi ya kazi safi haikufuata.

Na walio wazi je?

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa kwa kusema: basi kila programu iwe wazi, mambo yatanyooka. Baadhi ya washabiki wa Stallman husema hivyo. Wanasema macho yakiwa mengi, kosa halifichiki.

Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyoitwa Heartbleed. Ilikuwa ndani ya OpenSSL, programu ya wazi inayolinda siri kwenye intaneti, iliyokuwa ikitumiwa na sehemu kubwa ya mitandao ya dunia. Kwa kasoro hiyo mtu wa mbali aliweza kunyonya vipande vya kumbukumbu ya kompyuta, na humo manenosiri yamo. Ilikuwa imekaa hadharani zaidi ya miaka miwili. Kila mtu aliruhusiwa kuisoma, kwa hiyo kila mtu alidhani mwenzake ameisoma. Makampuni tajiri yaliijengea biashara za mabilioni, huku walioitunza wakiwa wachache wa kuhesabika, na michango ya hiari waliyopata kwa mwaka ilikuwa kama dola 2,000.

Hapo Gates wa miaka 20 anaweza kusimama na kusema, "Si niliwaambia?" Na atakuwa na haki. Leseni za programu huru nazo, ukizisoma, zina lile neno lilelile: hakuna dhamana yoyote. Uwazi unampa mtu nafasi ya kuona kosa. Haumlipi wa kulitafuta.

Tofauti moja lakini naiona, na kwangu ni kubwa. Heartbleed ilipogunduliwa, kwanza na mtu wa Google na pia kampuni ya Codenomicon ya Finland kila mmoja kwa njia yake, hakuna aliyeweza kukana. Kosa lilikuwa pale, mstari wake unaonekana, marekebisho yakatolewa siku ileile ya kutangazwa. Mwezi huohuo makampuni makubwa yakaona haya na kuanza kuchangia fedha. Kule Posta ilichukua miaka 20 kukubali tu kwamba kosa lipo.

Mwenye mali na mwenye lawama

Kwa hiyo nasimama wapi? Simlaumu anayetaka kulipwa. Mimi nikimaliza riwaya yangu nitataka ilipiwe, na sitamchekea atakayeidurufu. Ninachokataa ni kukata sheria nusu. Ukisema programu ni yako kama nyumba ilivyo yako, basi paa likimwangukia mpangaji usiseme nyumba ilitolewa kama ilivyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kupitia mradi wa Kilinux. Iliwezekana kwa kuwa maandishi ya programu ile yalikuwa wazi, hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. Uhuru huo ni mtamu. Lakini hata utamu unahitaji mtu wa kufagia jikoni, na mtu huyo alipwe.

Dalili za mabadiliko zipo. Mwaka 2004 ungemwambia mtu kwamba programu itahesabiwa kuwa bidhaa kama jiko au tairi angecheka. Oktoba 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo jipya la dhamana ya bidhaa, ambalo linaitaja programu waziwazi: ikimdhuru mtu kwa kasoro yake, mtengenezaji adaiwe. Nchi zake zilipewa mpaka Desemba 2026 ziliingize katika sheria zao. Programu huru zinazotolewa nje ya biashara zimeachwa pembeni, na mimi naona hiyo ni haki. Anayepokea bei apokee na lawama.

Mimi ningeongeza jambo moja, dogo kuandika na kubwa kutenda. Programu yoyote inayoweza kumtia mtu hatiani, kumnyima dawa au kumwambia anadaiwa, huyo mtu, au mtaalamu wake, awe na haki ya kuona imeandikwa nini. Mtu hahukumiwi kwa kitabu kilichoshonwa kurasa.

Kwetu sisi vijana wa kalamu hili si la kuwaachia mafundi. Kesho tutaambiwa kompyuta imesema tumekopa, imesema hatukulipa, imesema hatukufaulu. Tukiuliza kwa nini, tutaambiwa ni siri ya biashara. Kama sisi ambao kazi yetu ni maneno hatutauliza maneno yaliyomo humo ni yapi, sijui nani atauliza. Anayeniona nimepotoka ashike kalamu anijibu hapahapa, nami nitamsoma.